Lango, tiketi na kiti: historia ya kutazama mpira Kisumu

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za watu zilinibana. Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata tuongee mpira. Lakini ninyi mliokuja hapa kwa ajili ya tarakilishi msiondoke, maana tiketi nayo ni mfumo kama mifumo mingine: ina data, ina watumiaji, ina wadukuzi wake, na ikiharibika watu hufa. Hilo la mwisho si utani, tutalifikia.

Swali langu ni hili. Kwa nini kumtazama Gor Mahia akicheza kumekuwa ghali na taabu kwa mtu wa Kisumu miaka yote hii, ilhali bei iliyochapwa kwenye tiketi haijawahi kuwa kubwa? Katika miaka ya 2010 mechi ya kawaida ilikuwa shilingi 200 jukwaa la watu wote, 500 ukitaka kukaa na wakubwa. Hiyo si pesa ya kumfanya mtu auze kuku. Gharama yenyewe ilikuwa barabarani, langoni, na kwenye jua. Na nikifuatilia naona chanzo ni kimoja: hakuna aliyekuwa akituhesabu. Mtu ambaye hajahesabiwa hawezi kuahidiwa kiti.

Tuanze na barabara. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, ikapewa jina la mganga maarufu wa Kanyamwa, huko upande wa Homa Bay. Kwa hiyo jina ni la ziwani, mashabiki wengi ni wa ziwani, lakini timu yenyewe makao yake ni Nairobi. Hata serikali ilipokuja kupiga marufuku majina ya kikabila katika vilabu, Luo Union ikageuka Re-Union na Abaluhya ikawa AFC Leopards, na husimuliwa kwamba Gor walijiokoa kwa kudai herufi zao ni kifupisho cha Gulf Olympic Rangers. Ghuba inayotajwa hapo ni ghuba yetu ya Winam. Sisi watu wa programu tumezoea kubuni kifupisho kwanza na maneno baadaye, kumbe wazee walitutangulia.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 350. Piga hesabu ya shabiki wa Nyalenda au Manyatta miaka ya 1970 na 1980: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, mahali pa kulala kama hana ndugu Kaloleni au Makongeni, na siku ya kazi inayopotea. Tiketi ya mpira ilikuwa kitu kidogo kuliko vyote. Wazee wa kwetu wanasimulia safari za basi za usiku, mtu anaingia Nairobi alfajiri, anashinda mjini bila kazi hadi mechi, kisha anapanda basi lingine usiku ili Jumatatu awe kazini. Garimoshi la usiku nalo lilibeba wake. Na ukumbuke kwamba akifika uwanjani baada ya yote hayo anasimama, au anakalia saruji.

Ndiyo maana wengi hawakwenda. Wengi walisikiliza. Kama ninyi ni vijana sana mtaona naongeza chumvi, lakini redio ya Sauti ya Kenya ndiyo iliyokuwa jukwaa kubwa kuliko yote ya soka kando ya ziwa. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alitangaza mpira kwa Kiswahili kiasi kwamba mtu wa Asembo ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi aliweza kukuchorea uwanja mzima mchangani. Gharama ya kiti hicho ilikuwa betri. Nyumba ambazo betri zilikuwa zinaisha, zilianikwa juani tangu asubuhi ili zivumilie dakika 90 za jioni. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika ikapigwa na Canon ya Yaoundé. Mwaka 1987 ikarudi fainali: sare ya 2-2 Tunis dhidi ya Esperance, sare ya 1-1 Nairobi, kombe likaja kwa magoli ya ugenini, nahodha akiwa Austin Oduor. Hicho ndicho kikombe kikubwa zaidi kuwahi kuletwa na klabu ya Kenya, na watu wengi kabisa ambao wangetoa chochote kukiona walikipata kwa masikio.

Naisifu redio, lakini ilikuwa na kasoro moja ambayo haikuwa kosa lake. Haimhesabu msikilizaji. Hakuna aliyejua kama ni watu 10,000 au 500,000 waliokuwa na Gor jioni ile ufuoni, na hakuna senti iliyotoka kwao kwenda kwa klabu.

Si kwamba huku ziwani hapakuwa na mpira wa karibu. Ulikuwepo, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa na raha kuliko wote, ingawa hauandikwi sana. Ni mpira wa sukari. Chemelil, Muhoroni, na Sony kule Awendo: viwanda vya miwa vilikuwa na timu, na kiwanda ndicho kilicholipa mishahara ya wachezaji, basi, na kufyeka nyasi. Uwanja uko hatua chache kutoka nyumba za wafanyakazi. Unamaliza zamu, unaoga, unatembea kwa miguu hadi mpirani na mtoto mabegani. Lango halina msukumo kwa sababu mnafahamiana. Mwaka 2006 Sony Sugar wakachukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya, timu ya kiwanda kutoka katikati ya mashamba.

Lakini mpira wa aina hiyo unaishi kwa pesa ya kiwanda. Sukari ilipoyumba, timu nazo ziliyumba. Sony walifukuzwa ligini mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi kwa kukosa pesa. Chemelil wakashuka mwaka 2020. Kisumu All Stars, waliopanda ligi kuu mwaka 2019, hawakumaliza zaidi ya msimu mmoja humo. Huwa nawauliza marafiki zangu wanaolalamika kwamba tiketi ya 200 ni ghali: wale wa Awendo walikuwa wakilipa kiasi gani hasa? Kidogo sana, na tulifurahia hivyo, na siku kiwanda kilipokosa pesa hapakuwa na kitu kingine cha kushikilia timu.

Haya, turudi mjini. Moi Stadium ya Kisumu ni uwanja ulio katikati ya mitaa ya watu, na hilo ndilo jambo lake zuri: unaweza kwenda kwa miguu. Gor wameutumia mara nyingi kwa mechi za nyumbani, na Desemba 2017 ulibeba nusu fainali zote mbili za Kombe la CECAFA. Kenya iliitoa Burundi 1-0 katika muda wa nyongeza, Zanzibar ikaitoa Uganda 2-1. (Wasomaji wangu wa Unguja, ule ushindi wenu mkubwa mliupata hapa kwetu, mnatudai chai, au sisi tunawadai.) Lakini raha ya mtazamaji pale inategemea mbingu. Kisumu haina baridi ya Nairobi, ina joto na ina ziwa. Mchana jua linapasha nchi kavu, upepo wa ziwa unaingia, mawingu yanajikusanya, na mvua ya radi huanguka alasiri au jioni. Sasa niambie mechi huanza saa ngapi. Saa tisa, saa kumi. Yaani ratiba ya ligi na ratiba ya mvua zimeandikwa na mtu mmoja. Kwenye jukwaa lisilo na paa unachomwa kipindi cha kwanza na kulowa kipindi cha pili, kwa tiketi ile ile.

Ndipo kikaja kibanda. Kuanzia mwaka 2007 SuperSport walianza kuonyesha ligi ya Kenya, wakaendelea hadi walipojitoa mwaka 2017. Lakini hata kabla yao ligi ya Uingereza ilikuwa tayari imeingia mitaani kwa dishi. Kondele wakati huo nilikuwa nikilipa shilingi 20, mechi kubwa 30 au 50, nakaa kwenye ubao mrefu usio na mgongo, mabega yamebanana na ya mtu nisiyemjua, mabati juu yanatoa joto kama tanuri. Raha? Hapana. Lakini kuna paa, kuna marudio ya goli, na mwenye kibanda anajua ubao mmoja unakalisha watu wangapi. Ukijaa, anafunga mlango. Kibanda cha mabati cha Kondele kilikuwa na udhibiti wa idadi ya watu kuliko viwanja vingi vya taifa.

Na hapa kuna jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipolisoma. Wale Waingereza tuliokuwa tukiwatazama kwenye runinga, kila mmoja ana kiti chake chenye nambari. Hawakuwa hivyo zamani. Tarehe 15 Aprili 1989 huko Sheffield, katika uwanja wa Hillsborough, mashabiki wa Liverpool walirundikana nje ya malango machache kabla ya nusu fainali ya Kombe la FA. Polisi wakaamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe ili kupunguza msongamano. Watu wakamiminika kwenye zizi la katikati ambalo lilikuwa limejaa tayari, wakabanwa kwenye uzio. Idadi ya waliokufa leo ni 97. Ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ndiyo iliyofanya vilabu vya daraja la juu viondoe majukwaa ya kusimama na kuweka viti. Vikawa salama, vikawa na raha, na bei zikapanda hadi watu wengi wa kawaida wakabaki kuangalia kwa runinga kama sisi. Kwa hiyo kiti kile tunachokiona kutoka kwenye ubao wa Kondele kina historia ya damu na ya pesa.

Historia yetu ina tarehe yake: Jumamosi, 23 Oktoba 2010, uwanja wa Nyayo, Nairobi, Gor Mahia na AFC Leopards, mechi tuiitayo ya mashemeji. Watu saba walikufa kwa kukanyagana wakijaribu kuingia. Hawakuwa wamefika hata kwenye jukwaa.

Niruhusuni nieleze lango kwa lugha yetu ya kazi. Tuseme mlinzi mmoja anahitaji sekunde 4 kuangalia tiketi, kuichana na kukupitisha. Hiyo ni watu 15 kwa dakika, 900 kwa saa. Weka malango sita, unapata 5,400 kwa saa. Sasa tuseme watu 20,000 wanakuja, na kwa sababu ya kazi na msongamano wa matatu wanafika karibu wote katika saa ya mwisho. Filimbi inapopulizwa, zaidi ya 14,000 bado wako nje, wanasikia kelele za ndani, na kila mmoja anasukuma kidogo tu. Hakuna mtu mbaya katika hesabu hii. Sasa ongeza kosa moja: pale pale langoni ndipo pesa taslimu inapopokelewa. Kutoa noti, kutafuta chenji, kupewa tiketi, hiyo ni sekunde 20 ukiwa na bahati. Watu 3 kwa dakika. Umegeuza bomba kuwa mrija, na foleni nyuma haijui.

Kisha kuna tiketi yenyewe, kile kikaratasi. Ni data isiyo na kumbukumbu. Inaweza kunakiliwa, inaweza kuuzwa mara mbili ikiwa haijachanwa, na kila aliyewahi kwenda mpirani anajua njia ya kumpa mtu wa mlangoni nusu ya bei ukapita bila kikaratasi chochote. Mimi mwenyewe nimewahi kulipa bei kamili nikaambiwa pita, pita, tiketi nikaiona kwa macho tu ikirudi mfukoni mwa aliyeniuzia. Jioni klabu inahesabu vishina vya tiketi na kuona watu 4,000, uwanja ulikuwa na 12,000 (nasema kwa mfano). Wale 8,000 hawapo popote. Hawakununua mshahara wa mchezaji, na hawakuingia kwenye mpango wa usalama wa mtu yeyote.

Kinachoniuma ni tarehe. M-Pesa ilianzishwa Machi 2007. Kufikia Oktoba 2010, mama muuza samaki wa soko la Kibuye alikuwa akipokea pesa kwenye simu ya mulika mwizi na kupata ujumbe wenye nambari ya pekee isiyorudiwa. Nambari ya pekee isiyorudiwa! Hiyo ndiyo tiketi. Mtu angeweza kulipa Jumatano akiwa Kisumu na kufika langoni Jumamosi bila kutoa noti. Kiufundi hapakuwa na kizuizi kikubwa. Kilichokuwa kikizuia ni kwamba ukihesabu watu, unahesabu na pesa, na si kila mtu langoni alitaka pesa ihesabiwe. Hayo ni maoni yangu, mnaweza kunipinga hapo chini.

Tiketi za simu zilikuja taratibu miaka iliyofuata, zikawa zinakuja na kutoweka. Mtihani mkubwa ulikuwa Agosti 2025, michuano ya CHAN iliyoandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Baada ya watu kuvunja na kuingia Kasarani kwa nguvu, CAF iliamuru mechi ya Kenya iingize watazamaji 27,000 tu, na wenye tiketi za kielektroniki peke yao. Taifa zima liliadhibiwa kwa ajili ya lango. Na kwa upande wetu wa Kenya, mechi zote zilikuwa Nairobi. Mtu wa Kisumu akarudi pale pale alipokuwa babu yake: basi la usiku au runinga.

Viwanja sasa tunavyo. Ule wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, uliojengwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ulitumika kwa Madaraka ya 2021, Homa Bay wakapata wao uliobeba Madaraka ya 2025. Ukitoka mjini kwenda Mamboleo utahitaji matatu au boda boda, raha ya kwenda kwa miguu imekwisha, ila ndani kuna viti. Lakini kiti hakijui kuhesabu. Tarehe 18 Oktoba 2025 watu walimiminika Mamboleo kumuaga Raila Odinga, aliyekuwa pia mlezi wa Gor, na msongamano ukawa wa kuzirai na kubebwa juu kwa juu. Haikuwa mechi, hapakuwa na tiketi, wala sidai ingefaa kuwepo. Nataja tu kwamba malango ni yale yale.

Sasa kwa wenzangu mnaotaka kuandika programu ya tiketi, maana najua mpo na wawili mmeniandikia. Tatizo si kulipisha, kulipisha ni rahisi siku hizi. Tatizo ni msimbo wa QR unaopigwa picha na kutumwa kwa marafiki kumi. Ili kumkamata wa pili, malango yote lazima yajue kwamba wa kwanza amepita, yaani yawasiliane na seva moja. Na saa hiyo ya mwisho, simu elfu kadhaa zikiwa zimerundikana mahali pamoja, mtandao unalala. Kila lango linabaki na orodha yake, na msimbo ule ule unapita lango la 1 na la 3 bila wasiwasi. Dawa yake si mtandao wenye nguvu zaidi. Iandike nambari ya lango ndani ya tiketi tangu mtu anapolipa. Tiketi ya lango la 3 haifunguki kwingine, simu ya lango la 3 inapakuliwa orodha yake asubuhi, na haihitaji kumuuliza mtu yeyote kitu. Juu ya hapo unajua tangu Ijumaa ni watu wangapi watakuja upande gani, na unaweza kupanga walinzi.

Mwandae pia mtu wa langoni. Mechi moja niliyokwenda huku ziwani juzi juzi, kijana aliyekuwa akiskani alianza vizuri sana, sekunde mbili kila mtu, nikawa nampigia makofi moyoni. Mvua ikaanza. Skrini ikilowa haisikii kidole, akawa anaifuta kwa shati, shati nalo limelowa. Kisha chaji ikaisha. Hakuna aliyempa simu ya pili wala betri ya kubeba. Akaangalia nyuma, akaangalia foleni yetu, akachomoa kalamu mfukoni akaanza kuandika nambari za tiketi kwenye kiganja cha mkono.